Soksi Ndani ya Tarumbeta

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Laoban Chen, yaani bosi Chen, kapata wazimu mpya. Duka lake la nguo hapa China, barabara ya Guangyuan Xilu, linafunguliwa upya Jumamosi, bosi anataka orkesta ya jazi. Ya wageni! Katuita wateja wake mmoja mmoja: unajua kupiga chombo? Kassian akajigamba, gitaa analijua. Akafukuzwa. Wanaojua hawatakiwi — watapiga! Muziki utatoka kwenye spika, kazi yetu kuvimbisha mashavu.

Nikasema sijui kitu. Mimi! Miaka kumi na miwili kwenye tarumbeta za usharika kule Machame, harusi na misiba yote. Nimekana kama Petro. Lakini majoho ya kwaya yetu yako kiwandani kwake, na Krismasi haingoji.

Jumatano, 15 Oktoba

Kondakta wa orkesta kafika. Kumbe wa kweli! Mzee Zlatko, Mkroatia, miaka sabini na minne. Bango linamwita Mfalme wa Jazi Ulaya, ila picha ni ya mtu mwingine, mwenye nywele.

Katusimulia maisha yake. Kwao mjini Split, baba alitaka awe fundi wa meli, yeye akang'ang'ania piano. Miaka ishirini akaongoza orkesta ya redio, akatunga muziki wa filamu. Kisha redio ikafunga orkesta, ikanunua kompyuta. Kibao chake cha mwisho, cha watu kumi na saba, hakijawahi kupigwa. Amekuja China akisikie. Maskini, hakuna aliyemwambia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mazoezi. Mzee kainua fimbo. Tukavimbisha mashavu tu. Karudia. Mutua wa Machakos, aliyepewa tromboni, akapuliza kwa huruma — ng'ombe anazaa! Mzee akaelewa. Akaenda kumbembeleza laoban, angalau kibao hicho kimoja kipigwe kweli. "Bu xing, bu xing!" Haiwezekani. Na kwa usalama, kila chombo kijazwe soksi. Mpya, na lebo zake.

"Maze, huyu buda tumemuumiza," Mutua kasema.

Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nota za tarumbeta ya kwanza nimezichungulia. Tamu mno. Naziweza.

Jumamosi, 18 Oktoba. Saa tano asubuhi, nyuma ya pazia

Spika zimekufa! Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Laoban anafokea simu.

Mzee Zlatko kaingia sasa hivi. Anachomoa soksi kwenye vyombo, anazikunja vizuri, pea kwa pea. Kauliza: nani hapa anajua kupiga, kweli kweli?

Mutua anaangalia viatu. Laoban kasimama mlangoni, macho kwangu. Akijua nilimdanganya, kwaheri majoho mia na ishirini.

Mkono umeinuka wenyewe! Wa kushoto — wa kulia ndio huu unaandika.

Hakuna mwingine. Kibao cha watu kumi na saba, na sisi ni mimi. Mzee anacheka huku machozi yanamtoka. Kaja kwangu, kaishika soksi ya tarumbeta niliyopewa, anavuta. Laoban anapiga kelele, bu xing, bu xing, na pazia linafungu—