Chapati Niliyoirudisha kwa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Nisamehe kwa kukaa muda mrefu bila kukujibu. Mtoto anaota meno, babu yako yuko Urambo kuuza tumbaku, na vidole vyangu viligoma kwa maumivu hata kushika kalamu. Najua unacheka: bibi gani huyu mwenye umri kama wako? Ukoo ndio ulionipa cheo.

Unasema nawe ukila ngano maumivu ya mwili yanazidi, na unauliza utaikataaje kwa wakwe bila kuwaudhi. Mimi niliikataa siku ya Idi ya kwanza baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Tulikuwa mjini Tabora kwa mama mkwe, wageni wamejaa. Nikarudisha chapati.

"Kijijini wamekufundisha maringo?" akasema. "Au mkono wangu mchafu?"

"Mkono wako nauheshimu, mama. Ila keshokutwa nina zamu shamba la kijiji, na nikila hii sitainuka. Niruhusu nisonge ugali wa uwele."

"Uwele?" wifi akadakia. "Kumbe kaka kaoa kuku!"

Wakacheka wote. Nikaingia jikoni, nikasonga, nikarudi mkekani kula pamoja nao. Mama mkwe akanisogezea bakuli la mchuzi wa mbuzi.

Sikudanganyi, maumivu hayajaisha; yamepungua tu. Kataa kwa adabu, mjukuu wangu, lakini kataa.

Bado nahitaji unitumie dawa ya kuchua, sabuni ya kufulia, unga wa mchele ukipatikana, na kanga nzito ya kumbebea mtoto. Siku hizi nambeba mwenyewe.

Bibi yako,
Mwajuma