Mguu wa Mwikali

Ijumaa jioni

Hakuna hata mmoja aliyeona. Watu wa kanisa walijaa kwangu kutazama ufunguzi wa michezo kwenye televisheni, na mjukuu wangu Mwikali alipopita na timu ya Kenya, wakapiga vigelegele tu. "Mama Mutua, jina lako limefika ng'ambo!" jirani akapiga kelele. Nikamwambia akae chini, ananizibia.

Mimi nimechunga mbuzi hapa Nuu tangu utoto. Mnyama akificha mguu, namjua kabla hajachechemea. Mwikali alikuwa anacheka na kupunga bendera, lakini mguu wa kushoto aliuweka chini kama aliyekanyaga mwiba.

Baadaye nikampigia simu. "Mguu una nini?"

"Hakuna kitu, Susu. Ni viatu vipya."

Mwongo! Huyu amepewa jina langu, na siku zote huniita Mwikali mwenzake. Hiyo Susu, kama nyanya wa mtu yeyote, ni ya siku anayoficha kitu.

Jumanne atakimbia. Kanisa limepanga kuomba ashinde. Mimi naogopa sana. Nitapiga magoti nao, lakini nitaomba azuiwe kukimbia, na hiyo sitamwambia mtu.