Begi Nililiacha, Vitu Sikuviacha

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kilosa mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu na hainyeshi. Nimejilaza kifudifudi kitandani kwa sababu kiuno kinaniwaka. Kina alama ya kamba, nyekundu, imezunguka kote. Na kamba hiyo nilijifunga mwenyewe jana alfajiri, nikiwa na akili zangu timamu.

Ngoja nianzie kwenye begi.

Mnaopita humu ukurasani kwangu mara kwa mara mnalijua begi langu. Linanifuata kazini, sokoni, kanisani, hata msibani. Ndani kuna tochi, filimbi, kamba ya manila mita nne, pawabenki, kiberiti kilichofungwa nailoni mbili, plasta, wembe, sindano, chumvi na sukari za kuchanganya kwenye maji mtu akiharisha, kopi za vyeti vyangu vyote, na karatasi ya namba za simu. Stesheneri ninapofanya kazi wananiita Zimamoto. Umeme ukikatika wananiita dada Sabina, wakiwa wamenyoosha mikono gizani.

Watu wanadhani mambo haya nimeyaokota mtandaoni. Kweli nimesoma, tena sana. Wenzetu wa majiji makubwa wana orodha ndefu za vitu vya kutembea navyo kila siku, eti lifti ikikwama ufanye nini, eti treni ya chini ya ardhi ikizimika ushike nini. Kilosa hatuna lifti. Tuna Mto Mkondoa.

Nilikuwa darasa la tano tuta la mto lilipokatika na maji yakaingia mtaani kwetu. Nakumbuka mama akitupigia kelele kila mtu ashike kitu. Kaka yangu alimshika mdogo wetu. Mimi nilishika mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe ilikwenda na maji, pamoja na vyeti vyetu na daftari ambalo mama aliandika namba za ndugu wote. Katika purukushani majirani wakanichukua wakanipeleka shule iliyokuwa mwinuko kidogo, mama akakimbilia upande mwingine, na kwa siku mbili akanitafuta kwa miguu. Kila mtu mzima aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani na mama yangu anapigiwa namba gani, nilimjibu sijui, huku nimekumbatia mfuniko.

Nacheka nikiandika, lakini si kicheko hasa.

Basi. Masanja ni fundi pikipiki na ni mchumba wangu, mwaka wa pili huu. Kwao ni Wasukuma, walihama na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa yeye akiwa mdogo, na sasa wako Mikumi. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kunipeleka kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa hajanikubali wala hajanikataa, alitaka anione kwa macho yake. Masanja hakunificha: mama akisema hapana, hakuna mshenga atakayetoka Mikumi kuja Kilosa kuleta posa. Mimi nampenda Masanja. Sikulala vizuri wiki nzima.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Begi liache nyumbani. Mama atadhani umekuja kuhamia."

Niliapa. Na kiapo nimekitimiza, begi lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango.

Begi nililiacha. Vitu sikuviacha.

Jamani, ningefanyaje? Kutoka tu mikono mitupu, msimu huu wa mvua, moyo ulikataa. Ukiacha pawabenki, kila kitu nikakitafutia mahali pake mwilini. Tochi ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Filimbi shingoni, chini ya gauni. Kopi za vyeti kwenye soksi, ndiyo maana nilivaa viatu vya kufunika kwenye joto lile la Mikumi. Kamba nikajizungushia kiunoni. Vile vidogo vidogo nikavifunga nailoni, nikavishonea kifuko cha kitambaa cheusi, kipande cha bitana kilichokuwa kimebaki, kwa uzi mwekundu maana ndio uliokuwepo. Kifuko nikakining'iniza kwenye ile kamba, usawa wa kitovu.

Wewe unayesoma umeshaliona tatizo. Mimi sikuliona.

Tulifika saa nne. Mama Masanja alikuwa barazani na mdogo wake, ambaye Masanja anamwita mama mdogo. Nilikuwa nimefundishwa vizuri: kwao msichana hamsalimii mama mkwe akiwa wima. Nikapiga magoti, nikainama hadi chini, shikamoo mama. Katika kuinama huko tochi ikabanwa na mbavu, ikawaka.

Tochi yangu ni ya kisasa. Ukiibonyeza mara moja inamulika. Ukiibonyeza tena inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, ile ya kuomba msaada. Nilishika kifua ili niizime, nikaibonyeza tena. Gauni lilikuwa jeupe. Titi langu la kushoto likaanza kuomba msaada mbele ya mama mkwe. Akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za Kilosa, macho yakiwa hapo hapo. Nikasema ni simu. Mama mdogo akasema simu za siku hizi zina mambo.

Hilo lingepita. Tukaingia jikoni, nikapewa mchele nichambue, tukaanza kuzoeana. Mama akaona gauni langu litachafuka. Akachukua kitenge chake, akasema simama nikufunge, akanizungushia mwenyewe kama anavyomfunga binti yake. Mikono yake ikafika kiunoni kwangu ikasimama. Ikapapasa kamba, ikaifuata taratibu hadi kwenye kifuko. Kisha ikaachia kama imegusa sufuria ya moto.

Akatoka nje. Nikamsikia barazani akiongea na mdogo wake Kisukuma, lugha ambayo mimi hata salamu yake naibabaisha, ila kila baada ya maneno matatu nasikia Sabina. Punde si punde Masanja akaingia jikoni.

"Sabina, umevaa nini kiunoni?"

"Kamba."

"Ya nini?"

"Ya dharura."

Alikaa juu ya kinu akashika kichwa. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake anaamini nina hirizi. Na msichana anayekuja kumwona mama mkwe akiwa na hirizi kiunoni, limbwata la kumtilia mwanaume kwenye chakula atakuwa nalo kwenye pochi. Na mimi nilikuwa nachambua mchele wao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tukaitwa sebuleni. Mama hakugomba, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni mtu wa kanisa. Kwetu tulitoka na ng'ombe na Biblia, hirizi hatukubeba. Kama hicho ni cha ugonjwa, sema tukuombee. Kama ni cha kumshika mwanangu, sema pia, nijue nakataa nini."

Mimi nikiogopa nacheka, ni maradhi yangu tangu utotoni. Nikacheka.

Niliomba ruhusa nikaingia chumbani kuvua. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, nikahangaika nalo hadi Masanja akabisha hodi. Nikarudi na kila kitu, nikakipanga mezani: tochi, filimbi, vyeti, kamba, na kifuko. Mama akasema kifuko kifunguliwe. Nikasema usijali mama, nina wembe. Akauliza uko wapi. Uko humo ndani.

Mama mdogo akaleta kisu cha jikoni. Hakutaka kukigusa kifuko kwa mkono, akakipasua akiwa ameegemea nyuma kabisa. Uzi mwekundu ukakatika. Ukatoka wembe. Ikatoka sindano. Ikatoka chumvi kwenye kikaratasi, na mama mdogo akaitaja, chumvi, kama mtu aliyekuwa anaisubiri. Kila nilichofungasha cha kuokoa maisha kilikuwa kinanizika. Niliposema chumvi ni ya kuharisha nilijisikia mwenyewe jinsi nilivyozidi kuharibu.

Mwisho ikatoka karatasi, ukubwa wa kitambulisho, nimeipiga laminesheni mwenyewe kazini. Mama mdogo akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, macho yakaangukia mstari wa chini.

"Dada," alisema, "humu kuna jina lako."

Hapo hata Masanja alinitazama kwa jicho nisilolijua. Jina la mtu, limeshonewa ndani ya kifuko cheusi kwa uzi mwekundu. Aliyekulia nchi hii haelezwi maana yake. Machozi yakanitoka. Nikamwonyesha Masanja kwa kidole aanzie juu.

Akasoma kwa sauti. "Nikikutwa sijitambui, tafadhali wapigieni hawa."

Wa kwanza mama yangu. Wa pili yeye Masanja. Wa tatu Mama Masanja, Mikumi, na namba yake.

Mama akaomba miwani. Akaisoma mwenyewe taratibu, kidole kikifuata tarakimu moja moja, na zote zilikuwa sahihi. Namba hiyo nilimwomba Masanja zamani sana, nikamdanganya ni ya kumtumia mama salamu za sikukuu.

"Uliniandika kabla hujaniona?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza habari za tuta, na ile shule, na mfuniko. Nikamwambia sitaki tena kuulizwa mimi ni wa nani halafu nikose jibu. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo, hata Masanja, na sikujua kama ninayo hadi yaliponitoka.

Mama akafungua pindo la kitenge alichovaa, akaanza kutoa vitu na kuvipanga mezani kando ya vyangu. Ufunguo. Pini mbili. Vidonge vya kichwa. Kipande cha tangawizi. Njiti za kiberiti kwenye nailoni, nailoni mbili kama yangu. Na kikaratasi cha namba za simu, kimelowa jasho la miaka hadi hakisomeki.

Akaniuliza ile plastiki yangu inazuia jasho? Nikamwambia inazuia hata mafuriko. Akasema basi nimtengenezee na yeye ya kwake, niandike anavyonitajia.

Nikajipapasa kotekote. Katika vitu vyote nilivyobeba, kalamu sikuwa nayo. Mimi, mfanyakazi wa stesheneri. Mama mdogo akachomoa moja kwenye kilemba chake akanipa, bila kunitazama usoni.

"Wa kwanza Masanja," alisema mama. "Wa pili mdogo wangu huyu. Wa tatu andika Sabina. Mkwe. Kilosa."

Masanja akatoka nje akajifanya anaangalia pikipiki ya jirani.

Kamba nimeiacha kwao, mama kaipenda ya kuanikia nguo. Tochi Masanja amenikataza kuivaa maisha yangu yote. Begi nimelishusha kwenye msumari muda si mrefu, nimeongeza kalamu mbili. Kesho nawahi kufungua stesheneri, naiwasha mashine ya laminesheni kabla ya mteja wa kwanza, niitengeneze karatasi ya mama mkwe, herufi kubwa ili asome bila miwani. Hapa nilipo nimeshaandika rasimu mara nne, na mistari miwili ya juu haina shida. Wa tatu ndio naurudia rudia, si kwamba nimekosea, nataka tu kuuona tena: Sabina, mkwe, Kilosa.