Moyo Umerudia Mwendo Wake wa Zamani

Bukene, Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua bado.

Jana tulirudi kutoka Tabora kwa treni. Mwili umechoka, lakini nafsi imetulia, na hilo nataka kuliandika kabla sijalizoea.

Jumapili, nikiwa naongoza wimbo kanisani, moyo uliruka. Ukaruka tena, halafu ukaanza kudunda ovyo, kama wanawake wanaotwanga katika kinu kimoja bila kupokezana. Nikashika benchi. Nikaimba hadi mwisho wa ubeti, kisha nikakaa.

Niliujua mwendo huo. Kabla ya kupasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingo, mwaka jana niliishi nao miezi mingi: jasho, mikono kutetemeka, pumzi fupi. Walipolitoa lile rovu shingoni, moyo ukatulia. Nikasahau kabisa kwamba nina moyo.

Ndiyo maana niliogopa.

Sikuogopa kufa, Mungu anisamehe. Niliogopa kisu. Wakati ule daktari alitwambia kwamba mshipa wa sauti unapita pale pale penye rovu. Baada ya upasuaji niliongea kwa kunong'ona majuma kadhaa, na mume wangu Petro naye akawa ananong'ona, sijui kwa nini. Sasa je, wakinikata tena? Mimi bila sauti ni nani?

Tulipotoka kanisani nilimwambia Petro. Aliniwekea kiganja mgongoni, kama afanyavyo kwa ng'ombe mgonjwa.

"Mama Anna, kesho tunapanda treni."

"Na kulima shamba la karanga? Mvua inakaribia."

"Karanga zitangoja."

Hospitalini tulikaa chini ya picha ya Malkia wa Uingereza tangu asubuhi hadi jua la utosi. Daktari Mzungu, yule yule aliyenipasua, alinikumbuka. Akanipapasa shingo, akaniambia nimeze mate, akatia mipira yake masikioni na kusikiliza kwa muda mrefu. Petro alisimama mlangoni akiipindapinda kofia yake mpaka ukingo ukakunjika.

"Rovu halikurudi," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Moyo tu umeshika tabia mbaya."

"Hamtanikata?"

"Nikate nini, mama? Hakuna cha kukata."

Nikalia. Akadhani ameniumiza, akaomba radhi. Petro akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Hakutudanganya. Alisema moyo huenda ukanyooka, huenda usinyooke. Nimeze vidonge kila siku, nisishike jembe wala kubeba maji mpaka anione tena.

"Na kuimba?" nikauliza.

"Imba umekaa."

Basi leo nimekaa. Moyo bado unayumba, ila haukimbii tena. Mama mkwe amekuja asubuhi. Nimemwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Kasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, goti langu hili halijanyooka tangu uolewe, na harusi zote nimecheza." Akaingia jikoni kunipikia uji.

Petro ameenda kisimani na ndoo. Wanawake wamemcheka mpaka sauti zao zikanifikia huku uani. Amerudi nusu ya maji yakiwa kwenye shati lake, akaweka ndoo chini kwa fahari, akaondoka tena.

Nakiri kukaa kunaniudhi. Naona shamba linavyongoja jembe, na mikono inaniwasha. Lakini shangazi yake Petro alikuwa na rovu kubwa kuliko langu, wala hakupata daktari. Mimi nipo hapa, nina sauti, na nina mtu wa kunichotea maji vibaya.

Kwaya imetuma salamu: kesho watafanyia mazoezi hapa kwetu, kwa kuwa mimi siwezi kuwafuata. Nimeshatoa mikeka nje ipate upepo.

Je, nitapatana na moyo huu? Sijui. Nimeamua jambo moja tu: sitauvizia tena. Ukienda vizuri, vema. Ukiyumba, nitanyamaza kidogo, nivute pumzi, kisha nidakie ubeti unaofuata.