Mafuta ya Nazi Kwenye Gurudumu la Baba

Jumamosi, alasiri. Umwe, kijijini kwetu.

Kipupwe kimeingia sawasawa. Asubuhi nimetoka na kanga mbili mabegani na bado meno yaligongana. Sasa jua linawaka kama vile halikuhusika. Nimechoka, sitaki kuulizwa habari za mtoni, sitaki kuulizwa mzee anaendeleaje. Naandika kwenye daftari, na siku nikifika Dar kwenye mtandao nitayachapa haya hapa kwenye blogu kama yalivyo.

Leo nimemdanganya baba yangu.

Ni maneno mawili matatu tu, wala hakuna aliyedhurika kwayo. Lakini nimeyasema nikimtazama usoni, naye akayapokea, na tangu hapo hatujasemeshana.

Baba alipigwa na kiharusi wiki mbili kabla ya Ramadhani iliyopita. Upande wa kulia wote ukalala. Nikaaga kazini Dar, nikarudi nyumbani kumuuguza, kwa kuwa mama yetu hayupo tena na ndugu zangu kila mmoja ana lake. Mguu umerudi kiasi, anatembea na mkongojo. Maneno yamerudi, tena yamerudi na ukali wake wote. Mkono wa kulia unashika. Ukimpa kikombe anakikamata. Ila kuanzia kiwiko kushuka chini hasikii kitu. Umchome, umguse, ummwagie maji ya moto, ni mamoja.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali aliniita pembeni, ukumbini, akaniambia nguvu inaweza kuendelea kurudi, lakini kule kusikia nisikutegemee. Aliniambia mimi. Baba alikuwa ndani anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nilipoingia akauliza, "Kasemaje?" Nikajibu, "Kasema ufanye mazoezi."

Kwa hiyo wa leo si uongo wa kwanza.

Sasa niseme habari ya gurudumu, maana mzee wangu mwenyewe hana habari nyingine. Ni gurudumu la mshipi wa kuvulia, la chuma chepesi, pana kama kisosi, lina vishikio viwili vidogo ubavuni. Linafungwa kwenye tako la ufito wa kuvulia na linazunguka juu ya pini moja katikati. Basi, hakuna kingine. Aliachiwa na Bwana Gulamali, aliyekuwa na duka la vitambaa Ikwiriri. Walikuwa wakienda mtoni pamoja kila duka likifungwa, na siku Bwana Gulamali alipowafuata watoto wake ng'ambo akamwachia Baba ufito na gurudumu lake.

Siku hizo Baba alikuwa msoma kipimo cha maji wa serikali. Kila asubuhi alishuka mtoni, akasoma namba kwenye ubao, akaandika kwenye kitabu. Halafu ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi, na Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ubao ulianguka na haukusimamishwa tena. Yeye aliendelea kushuka kila asubuhi kama kawaida, tofauti ni kwamba badala ya kitabu alibeba ufito.

Wenzake wanavua kwa nyavu na mitego ya madema. Yeye huweka boya dogo la bua, akaliachia mto ulichukue. Boya linashuka na maji, linavuta mshipi, na gurudumu linazunguka lenyewe, polepole, kwa mwendo wa mto. Kidole gumba cha kulia kinakaa ukingoni mwa gurudumu, kinaligusa tu. Ukikibonyeza, boya linasimama. Ukikiondoa, gurudumu linakimbia kuliko maji na mshipi unajiviringa fundo juu ya fundo. Samaki akikamata, gumba ndilo linalomzuia. Nilipokuwa mdogo aliniwekea kidole changu pale, akaweka chake juu yake. "Hili halina breki, Mwajuma," aliniambia. "Breki ni wewe."

Tangu augue kitu anachokitaka ni hicho tu. Hakuuliza habari za shamba, hakuuliza nyumba inavuja wapi. Aliuliza gurudumu liko wapi. Akasema siku atakayolizuia kwa gumba lake ndiyo siku atakayokuwa amepona, na kabla ya hapo watu wasimpe pole wala hongera.

Basi mimi, kwa kutaka kumfurahisha, mwezi uliopita nikalitoa kabatini. Lilikuwa na vumbi. Ilikuwa saa saba mchana, joto. Nikachukua kopo langu la mafuta ya nazi, haya haya ya kichwani, nikamimina kwenye pini. Yalikuwa maji kabisa, yanang'aa. Nikazungusha, likazunguka vizuri. Nikajiona fundi.

Kuna mtu wa Pwani asiyejua mafuta ya nazi yanafanya nini asubuhi ya kipupwe? Kila siku naanika kopo juani ndipo nipake nywele. Kila siku! Lakini akili haikufika huko.

Jumamosi iliyopita nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli, ufito nimeufunga kwenye fremu, nikamsukuma mpaka mtoni. Tulifika jua halijapanda. Kuna mahali ukingo umeinuka na mamba hawapandi, nikamwekea kigoda. Maji yamepungua na yameanza kutakata. Akalitupa boya. Likateremka kidogo, likasimama. Mto unavuta, gurudumu halitoi.

Akautazama mkono wake. Nilijua anawaza nini: kwamba gumba linabonyeza bila yeye kujua. Akauondoa kabisa, akaunyanyua juu, akashika ufito kwa kushoto. Gurudumu bado limegoma. Akaligeuza, akalinusa.

"Mwajuma. Umetia nini humu?"

"Mafuta ya nazi, Baba."

Akachokonoa kwa ukucha wa kushoto, ukatoka na mafuta meupe yaliyoganda.

Jamani, alicheka. Alicheka mpaka mkongojo ukateleza ukaingia majini na nikaenda kuuopoa kwa tawi. Tangu augue sikuwa nimeisikia ile sauti. Kisha akaanza kunisema, na alinisema njia nzima, kutoka mtoni hadi mlangoni kwetu, mimi nasukuma yeye anasema. "Binti kasomeshwa, kakaa Dar, anatia mafuta ya nazi kwenye chuma mwezi wa saba! Ungetia na tui kabisa!" Kila tuliyekutana naye alisimamishwa akahadithiwa. Nilikuwa natweta na kutokwa jasho, na nilikuwa na furaha sijui nisemeje.

Kwa sababu alikuwa amepata cha kulaumu. Si mkono, ni mafuta.

Wiki nzima alikuwa baba yangu wa zamani. Alikula. Alibonyeza kile kimpira cha mazoezi alichopewa hospitali bila kuambiwa. Akanituma mafuta ya taa ya kuoshea. Akanituma kwa Fundi Athumani, mshona nguo wa barabarani, nikaombe mafuta ya cherehani kidogo kwenye kichupa. Akataka unyoya wa kuku wa kupakia, tena wa bawa, wa mkia nikarudishwa nao. Alhamisi tukakaa barazani, yeye anaelekeza, mimi naosha. Nilitoa kila chembe nyeupe. Nikafuta pini kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikapaka tone moja kwa unyoya.

Akalipiga kidole kimoja cha kushoto, likazunguka. Kipimo chake ni kile kile cha zamani: akasoma Kulhuwallah mara tatu, na bado lilikuwa linazunguka. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu akaweka gumba la kulia ukingoni alizuie.

Niliona. Gumba lilikaa pale, gurudumu likaendelea kuteleza chini yake. Akalikazia macho, na kwa macho akalisukuma likabonyea zaidi, gurudumu likasimama. Alizuia kwa kutazama. Mtoni huwezi kutazama gumba, unatazama boya. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo, na nadhani alisahau, au alikubali kusahau.

Nikakusanya vitambaa.

Jana alipokuwa msikitini nililishusha kopo langu la mafuta ya nazi nikalifungua. Sitajisafisha hapa: nilitaka kulitia gurudumu tena. Kidogo tu, liwe zito asubuhi, acheke tena, anigombeze tena njia nzima, tupate wiki nyingine. Nilikaa na kile kifuniko mkononi muda mrefu. Mwisho nikakirudisha. Nikajiambia ukweli ni bora, mzee ni mtu mzima, ana haki ya kujua mkono wake ukoje. Nikajisifu na moyoni.

Bora ningelitia.

Leo boya limeteremka kama lilivyokuwa likiteremka nikiwa mtoto. Gurudumu lilizunguka bila sauti. Boya likafika kwenye matete, likayapita, likazidi kwenda, na Baba ametulia, mdomo wazi kidogo, macho kule kule linakopaswa kutazamwa. Nilianza kuamini. Naapa, nilianza.

Boya likazama.

Lazima alikuwa kambale mkubwa. Gurudumu lililipuka, vile vishikio viwili havikuonekana tena kwa kasi. Baba akaweka gumba. Aliliweka mbali mno, likavuka ukingo likaingia kwenye njia ya vishikio, navyo vikawa vinaligonga. Niliisikia: ta-ta-ta-ta-ta. Mtu yeyote angeutoa mkono. Baba hakuutoa. Alikuwa anautazama mto, uso umetulia kabisa, anangoja gumba limwambie samaki ana nguvu kiasi gani. Nikapiga kelele. Mshipi ukajifunga fundo, ukakatika, na gurudumu likasimama.

Akashusha macho. Kwenye ukingo wa gurudumu kulikuwa na damu, na kwenye tako la ufito, na kwenye shuka aliyojifunika magoti.

"Nini hii?"

"Damu, Baba."

"Ya samaki?"

Samaki hatukumwona hata pezi. Akaunyanyua mkono karibu na macho. Ukucha ulikuwa umeng'oka nusu na nyama imefunguka. Akalibonya lile jeraha kwa mkono wa kushoto, taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, na alipokuwa anabonya alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka kumshika asiendelee. Sikuthubutu.

Akaacha. Akautazama mto kidogo.

"Yale mafuta yako," akasema, "hayajatoka yote."

Gurudumu halijawahi kuzunguka vile tangu litoke kwa Bwana Gulamali. Najua mimi, na yeye anajua kuliko mimi.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Hayajatoka."

"Basi kesho utaliosha tena."

"Nitaliosha."

Nikachana upindo wa kanga moja nikamfunga gumba. Nikamkalisha kwenye keria. Wakati wa kurudi nilipita njia ile ile, tukakutana na watu wale wale, wakamwamkia "Shikamoo mzee," akawajibu "Marahaba" na kichwa chini. Nilikuwa nasubiri anigombeze. Nilisukuma polepole ili apate nafasi. Nilifika mpaka mlangoni na hakuwa ameniambia hata neno moja juu ya mafuta ya nazi.

Ndipo nilipojua kwamba hakuamini aliloniambia. Angeamini, ningesemwa.

Sasa amelala ameelekea ukutani. Wali nilioupika umepoa, kimpira cha mazoezi kiko chini ya kitanda na hakuniomba nikiokote. Kitambaa cha kidoleni kimelowa tena, nikambadilishia, hakugeuka. Sijui kesho nitamwamsha vipi. Sijui kama kuna sababu yoyote ya kumwamsha ambayo naweza kuisema kwa sauti bila kuona haya.

Gurudumu liko mbele yangu kwenye mkeka. Damu nimeifuta. Nimelipiga kidole kimoja nikasoma Kulhuwallah mara tatu, nikasoma ya nne, nikasoma ya tano, na lilikuwa bado linazunguka.

Ni safi. Halina hata tone la nazi.

Kesho nikishaswali nitachukua mafuta ya taa, kitambaa na unyoya wa bawa, nitakaa barazani mahali anapoweza kuniona kutoka kitandani, na nitaanza kuliosha.