Thumni ya Mama

Nyumba Na. 14,
Nyumba za Mradi, Kwamndolwa,
Korogwe.
10 Agosti 2025

Mpendwa kaka Adamu,

Shikamoo. Tangu arobaini ya baba kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni: futi ya chuma ya fundi ikijifyatua na kurudi ndani ya kasha lake. Tak. Huusikia nikifagia, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, hata nikiwa kwenye sala. Huo ndio ulionishikisha kalamu. Lakini kwanza nikujulie hali.

Kifua chako kimepoa? Vumbi la huko Geita nalifikiria kila ninaposikia mtu anakohoa. Wifi Swaumu hajambo, na mtoto ameanza kusimama? Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri kuliko mwezi wa sita, ingawa bado husogeza mnofu pembeni mwa sahani kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuumalizia. Bibi Mwanaidi kule Kwedizinga amevuna magunia manne ya mahindi tu. Anasema manne yanamtosha mtu mwenye meno matatu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa huwekwa sauti ya juu na kila aliyeketi hutia neno lake. Wewe mwenyewe uliisikia arobaini namna hiyo. Ulisikia sauti, hukuona.

Nilichokiona ni hiki. Baada ya dua na chakula, baba mkubwa Mbwana alimwita fundi aliyekuja naye kutoka Handeni, wakaanza kupima nyumba. Ukumbi, vyumba, jiko, stoo. Shehe Sharifu alikuwa ameketi mkekani na karatasi, akitaja mafungu kama yalivyo kwenye dini: mke thumni, yaani sehemu moja katika nane, mama wa marehemu moja katika sita, ambayo bibi Mwanaidi alikwisha kutuachia, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kila fungu lilipotajwa, futi ilivutwa ukutani, kisha tak. Vyumba viwili vya mbele na ukumbi vikawa vyako. Chumba cha nyuma na jiko vikawa vyangu. Thumni ya mama ikawa stoo na hatua mbili za korido.

Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nguo zake za eda. Alisikia yote. Nilipoingia kumpelekea maji aliniambia, "Mimi stoo inanitosha, mwanangu. Nilipoolewa nilikuja na sanduku moja."

Sitaki umfikirie vibaya baba mkubwa. Hakujipa hata dirisha. Alitaka haki ya mdogo wake isipotee, na alifanya kwa uangalifu kuliko watu wengi ninaowajua. Kosa lilikuwa moja tu: hakuna aliyeuliza kama nyumba ilikuwa ya baba.

Nyumba hii, kaka, tumepanga. Tumepanga miaka kumi na tisa. Nilijua na wewe ulijua, lakini nadhani sote tulikuwa tumeacha kujua.

Watu wana mengi ya kusema juu ya nyumba hizi, na nimegundua kuwa karibu yote si kweli. Vijana wa bodaboda pale njia panda huziita nyumba za bure. Baba alilipa kodi kila tarehe tano, hata mwaka ule alipovunjika mguu. Kodi ni nafuu kwa sababu nyumba zilijengwa kwa ajili ya watu wa kipato chake, si kwa sababu kuna mtu mwingine anayetulipia. Baba mkubwa naye anaamini ukilipa kwa muda mrefu nyumba huwa yako. Alinionyesha fungu la stakabadhi akasema, "Miaka kumi na tisa, Maryamu. Hata ng'ombe ungekuwa umeshamaliza kumlipia, na ndama wake." Sikujua namna ya kumjibu bila kumvunjia heshima. Kodi hulipia mwezi. Hailipii ukuta.

Kuna na hofu, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Jirani yetu, mama Loveness, alininong'oneza nisithubutu kukitaja kifo kwenye ofisi ya mradi. "Wakijua tu, mnatolewa." Yeye analipa kwa jina la mumewe hadi leo, na mumewe ana miaka sita kaburini. Kila tarehe tano anamfufua. Tafadhali jambo hili libaki kwako.

Basi mwisho wa mwezi wa saba niliutafuta mkataba. Ulikuwa kwenye begi la baba la safari, umekunjwa ndani ya kanzu yake. Nimekuwekea nakala ya ukurasa wa tatu humu kwenye bahasha. Usome mwenyewe, usinitegemee mimi. Unasema mpangaji akifariki, mwenza aliyekuwa akiishi naye anaweza kuandikwa badala yake, iwapo ofisi itaarifiwa ndani ya siku tisini. Unasema upangaji haurithiwi, haugawanywi wala hauuzwi. Na unasema atakayetoboa ukuta bila kibali amevunja mkataba.

Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Baba alitutoka tarehe 14 Mei. Siku tisini zinakwisha tarehe 12 Agosti, keshokutwa. Eda ya mama ni miezi minne na siku kumi, nayo itakwisha karibu na tarehe ishirini Septemba. Kila mtu alikuwa akituambia kwa adabu tusubiri mama atoke eda ndipo mambo ya karatasi yaanze. Adabu hiyo hiyo ingemtoa nyumbani.

Chini ya ukurasa ule kuna saini ya baba, ile yenye mkia mrefu. Niliitazama sana. Baba alijua. Hakumdanganya mtu. Lakini nakumbuka tulipokwenda Kwedizinga na wazee wakamwambia "wewe mwenzetu una nyumba mjini," alicheka kidogo, kisha akauliza habari za mahindi. Nilikuwa mtoto, nikadhani anapenda mahindi. Sasa naelewa ilikuwa aibu ya mtu mzima kusema mbele ya ndugu zake kwamba analala kwenye nyumba ya kupanga. Na mimi, binti yake, nilikuwa na karatasi mkononi ambayo ingeitoa aibu hiyo hadharani. Nilikaa nayo siku nne. Nilikuwa nachagua kati ya jina lake na paa la mama, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo ulipopiga simu kusema umekubaliana na Castory kinyozi, achukue chumba cha mbele kwa saluni na atoboe mlango wa kutokea barabarani. Ulidhani ni chako, sikulaumu. Lakini siku ile ile, Jumamosi, fundi yule wa Handeni alikuja akachora mlango ukutani kwa chaki, akasema atarudi Alhamisi na nyundo. Mama alitoka ukumbini, akautazama ule mchoro, akarudi ndani.

Jumapili nilimfuata Shehe Sharifu madrasa. Nilimpa mkataba. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Niliambiwa nyumba ya marehemu," alisema. "Sikuuliza ya nani. Mtu hurithiwa alichokimiliki, binti yangu. Hiki hakikuwa chake. Karatasi yangu ile ichaneni."

Nilimuuliza kama mama anaweza kwenda ofisini. Akasema kwa dharura kama hiyo anaweza, mchana, na kurudi. Kisha akafikiri, akaongeza, "Lakini mbona mwandishi wa ofisi asije yeye? Mgeni haharibu eda."

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mradi na cheti cha kifo. Ofisa wa nyumba anaitwa Rosina, mama wa makamo kutoka Lushoto. Alinipa fomu. Palikuwa na mstari ulioandikwa "sababu ya mabadiliko". Kaka, tangu Mei nilikuwa nikisema baba hayupo, baba ametutoka, baba ametangulia. Pale nafasi ilikuwa ndogo. Niliandika: amefariki. Rosina alingoja mpaka nikamaliza kufuta machozi, akasema Alhamisi atakuja mwenyewe.

Alhamisi wakakutana mlangoni, yeye na fomu yake, baba mkubwa na fundi na nyundo. Baba mkubwa alimwambia fundi kwa Kizigua kwamba huyu mwanamke ametumwa kuja kuwatoa watoto wa marehemu, na tena ana kiatu cha mtu asiyetembea kwa miguu. Rosina akamjibu kwa Kishambaa, taratibu, kwamba hakutumwa kumtoa mtu, ametumwa kuandika, na kiatu ni cha dada yake. Unajua lugha hizo zinavyosikilizana. Fundi alicheka hadi akaweka nyundo chini. Baba mkubwa alishikwa na haya, akamkaribisha yeye mwenyewe.

Walikaa mkekani na mama. Rosina alimsomea ukurasa wa tatu, kifungu kwa kifungu, na baba mkubwa akasikiliza kichwa kimeinama. Mwisho aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na nyumba?"

Rosina alisema, "Alikuwa na nyumba, mzee. Hakuimiliki. Lakini hakuna siku hata moja aliyokaa hapa bila haki yake."

Baba mkubwa aliinua kichwa. Kisha akanigeukia. "Na Kwedizinga nitawaambia nini?"

Nisalimie sana wifi Swaumu, mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Bibi Mwanaidi anakusalimu na kuuliza kama huko kuna mihogo. Baba mkubwa anakusalimu pia, hana kinyongo. Mungu akulinde uingiapo shimoni na utokapo, akupe riziki isiyo na majuto, na amrehemu baba yetu.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo gumu. Ijumaa ilikuwa Nane Nane na hatukuwa na vipindi. Nilipanda basi asubuhi nikaenda Kwedizinga, na baada ya sala ya Ijumaa nikawaomba wazee wanisikilize barazani kwa bibi. Niliwaambia mwenyewe kwamba baba alikuwa mpangaji, na kwamba sasa mpangaji ni mama, kwa jina lake, Mwanaisha binti Omari, amesaini siku ya themanini na tano. Sikumwachia baba mkubwa mzigo huo. Mzee mmoja alitikisa kichwa. Bibi alisema, "Basi mwanangu alilipa deni lake kila mwezi mpaka akafa. Wangapi hapa?"

Jioni niliporudi nilichukua kitambaa chenye maji nikaufuta mlango wa chaki. Castory nimeshamwambia atafute mahali pengine, nikasema ni wewe uliyekataa. Nisamehe kwa hilo, au ulifanye kuwa kweli. Ukija, pita mlango ule ule wa zamani na upige hodi. Atakayekufungulia ni mama, na utalala pale atakapokutandikia.

Ni mimi nikupendaye daima, mdogo wako,

Maryamu Zaidi