Kocha Mujibu Sadallah, Baba wa Refa

Mwaka umetimia leo, mpendwa wetu Mwalimu Mujibu Sadallah Nampota, tangu asubuhi ile presha ilipokuangusha ukiwa unafunga kamba za viatu uende mazoezini. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umetutoka.

Ulizaliwa Newala, ukaja Masasi kufundisha hesabu chuo cha ualimu. Mpira wa kikapu hukuwahi kuucheza. Mkuu wa chuo alipotafuta mtu wa kuisimamia timu ya wasichana, walimu wenzako wote waliinamisha vichwa, wewe ukachelewa kuinamisha chako. Ndivyo ulivyotusimulia, ukicheka.

Ulisoma kitabu cha sheria za mchezo mpaka jalada likabanduka. Ringi ulimpa fundi akazichomelea kwa nondo. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, na kabla ya mazoezi uliumwagia maji wewe mwenyewe ili vumbi litulie. Miaka kumi na tisa, makombe kumi na moja ya vyuo vya kusini. Mchezaji akifiwa, ulimfuata kwao kwa baiskeli, hata kama kwao ni mbali kama Chidya.

Zuhra, mwanao wa kwanza, alipojiunga na chuo, tulidhani namba yake ipo. Ulibandika orodha ya timu na jina lake halikuwemo.

"Baba Zuhra, mtoto wako mwenyewe?" Mama alikuuliza.

"Anaujua mpira kuliko wote," ulisema, "lakini miguu haimpeleki. Nikimpanga yeye, namwonea mwenzake."

Miezi mitatu Zuhra hakukusemesha zaidi ya shikamoo. Chai yako aliiweka mezani akaondoka. Siku moja ukamwekea filimbi kando ya kikombe. "Nimekusikia ukikaa pembeni unataja makosa kabla refa hajapuliza," ulimwambia. "Kasomee." Alikwenda kusomea Mtwara bado amenuna, akarudi na cheti.

Halafu ikaja fainali dhidi ya wageni kutoka Newala. Gari la waamuzi liliharibika njiani, refa aliyekuwepo uwanjani akawa Zuhra peke yake. Wewe ulikataa. Kocha wa Newala, Mwalimu Gideoni, ndiye aliyesema, "Binti huyu namjua. Achezeshe."

Zikiwa zimebaki sekunde chache mnaongoza kwa pointi moja, Zuhra akapuliza: nahodha wako Anjelina ametembea na mpira. Wewe, uliyewafundisha wasichana kutobishana na refa, ukaingia mpaka katikati ya uwanja unapiga kelele. Zuhra alikutazama. Kisha akakupigia faulo ya kocha kuingia uwanjani. Newala wakapewa mtupo huru, wakasawazisha, kisha wakafunga kikapu cha mwisho. Kombe likapanda gari lao.

Anjelina alilia. "Mwalimu, mwanao katuumiza."

"Aliyewaumiza ni mimi," ulimjibu mbele ya timu nzima. "Nani aliyeniita mle ndani?"

Zuhra hakuthubutu kuingia sebuleni jioni ile. Alikaa jikoni na Mama akichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Ukamfuata mwenyewe hadi mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, refa. Njoo tule."

Tangu hapo hukumwita jina jingine. Ulituambia baadaye kwamba makombe uliyachukua mengi, lakini siku uliyojivunia hasa ni ile uliyoshindwa. Hatukukuelewa mara moja. Sasa tunakuelewa.

Siku ya maziko yako wasichana wako walitoka Tandahimba, Lulindi na kwingineko, wengi sasa ni walimu wenye watoto mgongoni. Tulikuzika kwenu Newala, karibu na wazee wako. Mwalimu Gideoni alishika jeneza.

Timu sasa anaifundisha Anjelina. Wiki iliyopita walicheza ugenini wakashinda kwa pointi sita. Tunakuandikia kwa sababu ungekuwa wa kwanza kuuliza matokeo.

Hitima itasomwa Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, nyumbani Mkuti, Masasi. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Mwanaheri, wanao Zuhra na Faidha, kaka yako Khalfan wa Newala, wajukuu, majirani, na kila msichana uliyemkimbiza kwenye udongo ule. Mwenyezi Mungu akurehemu, Mwalimu. Kukusahau hatuwezi, na wala hatutajaribu.